Moyo wa Nanasi

Alfajiri, soko la Mabibo, jua halijapata joto,
namkuta Mwasiti na kisu chake cha mpini wa mpira.
Ananiita "Mama Maganda",
maana utamu sinunui. Nanunua anachotupa:
ule moyo mgumu wa katikati, pamoja na shina,
kilo sita, ndani ya ndoo ya rangi niliyoisugua kwa mchanga.
"Nguruwe wako wamefika wangapi?" huuliza kila mara.
Siku moja nitamwambia ni panya.

Ukila nanasi, nalo linakula.
Ule muwasho kwenye ncha ya ulimi
si utamu uliozidi, ni kimeng'enya kiko kazini,
kinakumega taratibu wakati wewe unakitafuna.
Ndivyo alivyonieleza Daktari Nsajigwa siku ya kwanza,
mashine ya kusaga ikinguruma,
kisha umeme ukakatika Upanga nzima.
Tulisubiri jenereta. Barafu ikayeyuka. Tukaanza upya.

Panya ni weupe, arobaini na wanane.
Tuliwafundisha kuchukia yai.
Ute tu, kwa sindano, kisha kwa mvuke,
hadi miili yao ikaliona yai kuwa jambazi
na mapafu yakaanza kujifungia milango.
Naujua mlango huo.
Nyumbani kwangu Kigogo hufungwa saa tisa za usiku:
mwanangu Tumsifu ameketi kitandani, mabega juu,
filimbi nyembamba kifuani, haina mpigaji,
nami natikisa bomba la bluu sikioni
kusikia kama kimebaki kitu.

Nusu ya panya wanapewa kimeng'enya, nusu maji ya chumvi.
Nani kapewa nini, sijui.
Siri imo kwenye bahasha, bahasha imo kwenye droo,
ufunguo uko shingoni kwa Daktari, pamoja na msalaba.
Yangu ni hadubini:
kuhesabu seli mia tatu kwa kila kioo,
kutenga zile zenye chembe za waridi,
zile askari wanaopiga mabomu ndani ya nyumba yao wenyewe.
Kidole kinabofya, ta, ta, ta,
na kila kioo chenye waridi haba
moyo unaninong'oneza: huyu ni wa nanasi.
Nanyamaza. Naandika namba.
Moyo si mzani.

Mama mkwe kasikia.
Kamkamulia mjukuu jagi zima, na maganda kayachemsha.
"Mgonjwa haulizwi dawa," kasema, "na wewe unaificha kazini."
Nikamwambia, Mama, bado.
Neno dogo, lakini kulibeba ni kubeba gunia.
Tumsifu si panya wa gramu ishirini,
na vipo vifua ambavyo nanasi lenyewe ndilo huvibana.
Alinitazama kama jirani aliyenyimwa chumvi.

Ijumaa bahasha ikafunguliwa.
Tulisimama watano; mlinzi naye akaingia, akawa wa sita.
Moyo wangu ulikuwa umekosea vioo vinne,
vingine vyote umepatia.
Waliopewa nanasi, waridi imepungua karibu nusu.
Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka glavu.
Daktari aliandika neno moja, "yaelekea",
akalipigia mstari, akaenda kula.

Usiku Tumsifu akaniuliza,
"Panya walipona?"
"Walipumua vizuri."
"Sasa wako wapi?"

Mapafu hayahesabiwi yakiwa bado ndani ya mwenyewe.
Hilo sikumwambia.
Nilishusha pazia lililojaa vumbi la barabarani, nikaliloweka,
nikatikisa bomba. Lilikuwa jepesi.
"Walipumua vizuri," nikarudia,
naye akanyamaza akinitazama,
pumzi ikipanda, ikishuka,
macho ya mtu anayejua kuhesabu.